Filamu za zamani za Marekani za "kuonya vijana": tuanze na ipi, na tuchunge nini? (Uyole, Mbeya)

NgosiKijani

Wakuu, habari za jioni.

Kikundi chetu cha sanaa hapa Uyole kina mpango wa jioni tatu za sinema mwezi wa saba, kila jioni filamu moja kisha mjadala. Tumechagua zile za Marekani za miaka ya 1930 na 1940 zilizotengenezwa kwa hela ya mboga, zenye mahubiri ndani: usivute bangi, binti usitoroke kwenu, kijana jihadhari na kaswende. Watazamaji ni watu wazima watupu, kama 80 hivi, na wengi Kiingereza chao ni cha kuombea maji.

Naomba wajuzi mnisaidie. Hizi filamu zilikuwa mahubiri ya kweli au biashara? Ipi inafaa kuanzia? Nakala za mtandaoni ziko nyingi na urefu wake haulingani, nichague kwa kigezo gani? Na upande wa mitambo: tuna projekta ya lumeni 3000, laptopu, spika mbili, na ukumbi usio na dari. Tutafsiri kwa maandishi chini ya picha au tumweke mtu wa maiki kama kwenye mabanda ya video?

Ndaga fijo.

---

MzeeWaReli

NgosiKijani, anza na jina lake. Wamarekani waliziita filamu za eksploitesheni, na wengi wetu tukisikia hivyo tunafikiri ni unyonyaji. Kwenye biashara ya sinema ya wakati ule neno hilo lilimaanisha matangazo ya ziada, yaani kila kitu cha kumvuta mtu mlangoni kupita bango la kawaida: vitu vya kutisha kwenye kabati la kioo pale mapokezi, gari la spika mtaani, mwanamke aliyevaa sare ya nesi. Studio kubwa ziliuza nyota. Hizi hazikuwa na nyota, basi tangazo ndilo lililobeba mzigo wote.

Swali la mahubiri au biashara linajibiwa na sheria za wakati huo. Mwaka 1915 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba sinema ni biashara tu, haina kinga ya uhuru wa maoni. Uamuzi huo ulidumu hadi 1952. Katikati hapo majimbo kama Pennsylvania, Ohio, Kansas, Maryland na New York yalikuwa na bodi zao za kukata filamu. Studio kubwa, kwa kuogopa serikali isiingie zaidi, zikaunda chama chao mwaka 1922 chini ya Will Hays. Mwaka 1927 chama kikatoa orodha ya makatazo 11: biashara ya dawa za kulevya, biashara ya wanawake, magonjwa ya zinaa, mwanamke akijifungua, uchi, mapenzi kati ya weupe na weusi, na mengine. Mwaka 1930 ikaja kanuni ndefu zaidi, na kuanzia Julai 1934 ikasimamiwa kwa faini ya dola 25,000.

Sasa isome ile orodha ya 1927 kwa jicho la mchuuzi. Kila alichokatazwa mkubwa kikawa bidhaa ya mdogo asiye mwanachama. Ila mdogo naye alihitaji kitu cha kumwonyesha polisi, mchungaji na meya wa mji, na kitu hicho kilikuwa mahubiri. Ndiyo maana karibu kila filamu ya aina hii inafunguka kwa maandishi marefu yanayopanda skrini, yakisema tunakuonyesha uovu huu ili uukimbie. Baada ya hapo uovu unapewa muda wake wa kutosha, na toba inakuja mbiombio dakika za mwisho, mara nyingi kinywani mwa daktari, hakimu au mwalimu mkuu. Ukikata yale maandishi ya mwanzo kwa kuona yanachosha, umetupa leseni ya filamu nzima, na watazamaji hawataelewa kwa nini ilitengenezwa vile.

Biashara yenyewe ilikwenda hivi. Mtengenezaji aliuza haki kwa jimbo au kundi la majimbo, au alizunguka mwenyewe na mikebe ya filamu kwenye buti la gari. Kwenye mji alikodi jumba zima la sinema kwa bei moja ya mkupuo, kwa lugha yao "kuta nne", na kila tiketi iliyouzwa ikawa yake. Wale waliobobea walijiita Wezi Arobaini: Dwain Esper, Kroger Babb, Samuel Cummins, Willis Kent, Louis Sonney na wenzao. Walitembea na nakala moto (yenye uovu wote) na nakala baridi (iliyopunguzwa) za filamu ileile. Polisi wakali wakipata baridi, mji uliolegea ukipata moto. Filamu ikichuja wanaibadilisha jina na kurudi nayo kama mpya. *Tell Your Children* ya 1936 ndiyo hiyohiyo *Reefer Madness*, ndiyo hiyohiyo *The Burning Question* na *Doped Youth*. Ukiona majina manne usidhani una filamu nne za jioni nne.

Kilele cha mchezo huu ni *Mom and Dad* ya Kroger Babb, 1945, iliyoongozwa na William Beaudine. Hadithi ni ya binti anayepata mimba kwa sababu mama yake hakumfundisha kitu, na ndani yake kuna picha halisi za kujifungua. Wanawake waliingia mchana na mapema jioni, wanaume usiku. Katikati filamu inasimama, anapanda jukwaani "mtaalamu wa usafi" aitwaye Elliot Forbes, anahutubia, kisha wale manesi wanapita kwenye viti wakiuza vitabu viwili, cha wanaume na cha wanawake, dola 1 kila kimoja. Elliot Forbes hakuwahi kuwa mtu mmoja. Usiku mmoja angeweza kuwa anahutubia miji kadhaa, maana walikuwa waigizaji tofauti wenye hotuba moja. Vitabu viliandikwa na Mildred Horn, ambaye alikuwa mke wa Babb. Pamoja na ulanguzi wote huo, mwaka 2005 filamu iliingizwa kwenye orodha ya taifa la Marekani ya filamu za kuhifadhiwa.

Na kama unataka kuwaonyesha watu matangazo ya ziada yalifika wapi: Esper alipozungusha *Narcotic* ya 1933, pale mapokezi aliweka maiti iliyokaushwa ya mwanamume na kusema ni teja aliyekufa. Maiti ilikuwa ya Elmer McCurdy, jambazi wa treni aliyepigwa risasi Oklahoma mwaka 1911, na ilikuwa mali ya maonyesho ya Louis Sonney. Mwaka 1976 watengeneza kipindi cha televisheni huko Long Beach walilishika "sanamu" lililoning'inia kwenye nyumba ya vitisho, mkono ukang'oka, wakaona mfupa. Mdomoni mwake kulikuwa na senti ya 1924 na tiketi ya makumbusho ya Sonney.

Kwa jioni ya kwanza unaweza kuunganisha na nyumbani. Miaka ileile, 1935 hadi 1937, hapa Tanganyika kulikuwa na mradi wa Kiingereza wa sinema za mafunzo uliokaa Vugiri, kule Usambara. Ulitoa filamu 35 fupi za kuelekeza watu kuhusu minyoo, mmomonyoko, kuweka akiba posta, zikazungushwa kwa lori na maelezo ya lugha za wenyeji kwenye sahani za santuri. Lori, mahubiri, msemaji: vyote vilikuwepo. Chambo cha dhambi ndicho kilichokosekana.

---

KamweneGangilonga

Kamwene wakuu. Mzee amemaliza historia, mimi niongeze upande wa uchaguzi na nakala.

Jioni ya kwanza weka *Reefer Madness*. Ni kama dakika 66, hadithi inafuatika hata ukikosa nusu ya maneno, na ina mwanzo wa kumshika mtu: mwalimu mkuu Dk. Carroll anawahutubia wazazi, kisha tunarudi nyuma kuona genge la Mae na Jack likiwavuta wanafunzi kwenye nyumba yao. Watazamaji watacheka kwenye tukio la piano, pale mvutaji anapomwambia mpigaji apige haraka, haraka zaidi. Waache wacheke. Mjadala mzuri unaanzia hapohapo: kwa nini filamu ya kutisha inachekesha? Kwa sababu anayejua bangi inamfanya mtu aweje anaona kwamba waliotengeneza hawakuwa na haja ya kujua. Sheria ya kodi ya bangi ya Marekani ilikuja 1937, mwaka mmoja baada ya filamu, kwa hiyo hofu ilikuwa sokoni tayari.

Jioni ya pili weka ya ugonjwa wa zinaa, na chaguo langu ni *Damaged Lives* ya 1933. Iliongozwa na Edgar G. Ulmer, mtu aliyejua kazi, na unaiona tofauti mara moja: taa zimepangwa, nyuso zina vivuli, waigizaji wanasikilizana. Ilitengenezwa kwa kushirikiana na chama cha afya cha Kanada, hivyo mafunzo yake yana uzito kidogo. Ukiiweka baada ya ile ya kwanza watu wataona wenyewe kwamba bajeti ndogo siyo lazima iwe uzembe.

Ya tatu chagua kati ya *The Road to Ruin* ya 1934 na *The Cocaine Fiends* ya 1935. Mimi ningechukua ya kwanza kwa sababu ya Dorothy Davenport, mmoja wa walioiongoza. Mume wake Wallace Reid, nyota mkubwa, alifariki Januari 1923 baada ya kuzama kwenye mofini, na mwaka huohuo mama huyu akatoa filamu ya kupinga dawa za kulevya, kisha akaendelea na mada za namna hiyo. Hapo swali la "mahubiri ya kweli au biashara" linakuwa gumu, na ndilo swali mnalolitaka.

*Maniac* ya Esper, 1934, msiiweke kwa watu 80 wasioizoea. Inasema ni ya elimu ya magonjwa ya akili, inasimamisha hadithi ili kuonyesha maelezo ya ugonjwa, halafu inapachika vipande vya filamu za watu wengine za miaka ya 1920 juu ya uso wa mwigizaji. Wapenzi wa sinema tunaifurahia. Mama aliyetoka Mwanjelwa jioni atauliza amekosa nini.

Na *Ingagi* ya 1930 ikae mbali kabisa, labda mtu ailete siku ya kuijadili peke yake. Ilijidai ni safari halisi ya Kongo ya Wabelgiji ambako wanawake Waafrika hupewa masokwe. "Wanawake wa Kongo" walikuwa waigizaji wa Los Angeles, sokwe alikuwa Charles Gemora ndani ya vazi la manyoya, na safari ilikuwa vipande vya filamu ya zamani ya mtu mwingine. Tume ya biashara ya Marekani iliwachukulia hatua kwa udanganyifu. Iliingiza hela nyingi sana.

Sasa nakala. Urefu haulingani kwa sababu tatu. Ya kwanza Mzee ameitaja: moto na baridi, pamoja na makasi ya kila jimbo. Ya pili ni uchakavu: nakala zilikuwa chache, zikapigwa mpaka zikatoboka, na kila ilipokatika fundi alikata fremu (picha mojamoja za filamu) kadhaa na kuunga. Ya tatu ni kasi. Filamu inakwenda fremu 24 kwa sekunde, lakini nakala iliyopitia mfumo wa televisheni wa Ulaya inakwenda 25. Saa nzima inakuwa dakika 57 na sekunde 36. Hakuna kilichokatwa hapo, sauti tu imepanda kidogo. Kwa hiyo nakala ya dakika 63 na ya 66 zinaweza kuwa kitu kimoja. Angalia kasi kwenye maelezo ya faili kabla hujaamua ipi ni kamili.

Kuhusu haki: *Reefer Madness* huko Marekani ni mali ya umma kwa sababu tangazo lake la hakimiliki lilikosewa. Hilo ni la ile nyeusi na nyeupe. Ile ya rangi ni kazi ya 2004, moshi umepakwa rangi za peremende, na rangi hizo zina wenyewe. Pia usiamini kwamba kilicho huru Marekani kiko huru kila nchi. Ulizeni ofisi ya hakimiliki, na kwa kuwa mnaonyesha hadharani mpitie kwa afisa utamaduni wa jiji mapema ili mpate maelekezo ya kibali na daraja la umri kutoka Bodi ya Filamu. Mkiandika "watu wazima tu" kwenye bango, simamieni mlango kweli. Wezi Arobaini waliandika hivyo ili kujaza watu.

---

FundiMakambako

Niingie kwenye mitambo.

Jambo la kwanza ambalo watu wa huku juu hulisahau: Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Projekta nyingi za taa zinataka feni ya mwinuko iwashwe kuanzia mita 1,500. Hewa ni nyepesi, haibebi joto vizuri, na hata kama Uyole mwezi wa saba mnavaa makoti, taa ndani inaungua. Ingia kwenye menyu, tafuta mpangilio wa mwinuko mkubwa, uwashe. Feni itapiga kelele zaidi, basi weka projekta mbali na viti vya mbele. Usipowasha, itajizima katikati ya filamu, au taa itakufa kabla ya saa zake.

Umeme ukikatika ghafla feni inasimama taa ikiwa moto, na hapo ndipo taa hupasuka. Weka UPS ya VA 650 kwa projekta peke yake. Haitawamalizia filamu, itawapa dakika chache za kuizima kwa utaratibu na feni kupoza. Jenereta ndogo ya kVA 1 inatosha projekta, laptopu na spika za wastani, ila pitisha kwenye stabilaiza kwanza.

Picha hizi ni za umbo la 4 kwa 3. Kitambaa cha upana wa mita 3 kinahitaji kimo cha mita 2 na sentimita 25. Weka projekta kwenye 4:3, ukiona nyuso zimenenepa ujue imevutwa. Usitumie ule mpangilio wa mwangaza wa dukani; weusi unakuwa matope na weupe unaungua. Tumia wa sinema, kisha pandisha gama (mwangaza wa rangi za katikati) kidogo mpaka uone mikunjo ya koti jeusi. Kwa lumeni 3000 ukumbi lazima uwe giza, kwa hiyo msianze kabla ya saa moja na nusu usiku. Kama mnatundika kitambaa nje, umande utakilegeza. Kikazeni kwa kamba pembe nne na katikati ya kila upande.

Ukiona kingo za vitu zina meno ya chana mtu akitembea, faili ni la mistari ya televisheni. Kwenye VLC, ile programu ya kuchezea video, bonyeza D.

Sauti. Sauti za filamu za miaka ile hazina kitu cha maana juu ya kHz 7 au 8, huko ni mikwaruzo tu. Kata juu ya 7, kata chini ya Hz 100 kuondoa mngurumo, pandisha kidogo eneo la kHz 2 ambako maneno yanakaa. Programu ya kuondoa kelele ukiizidisha, waigizaji wanaongea kama wako ndani ya pipa. Na mtasikia "tap!" nyingi. Angalia vizuri: picha inaruka kwanza, tap inakuja karibu sekunde moja baadaye. Hiyo ni alama ya kiungo. Kwenye filamu ya milimita 35 kichwa cha kusomea sauti kiko fremu 20 mbele ya dirisha la picha, kwa hiyo kiungo kinapita kwenye picha, kisha sekunde 0.83 baadaye kinapita kwenye sauti. Spika yako haina kosa.

Tafsiri: mtu wa maiki anafaa kwa filamu ya mapigano. Hizi ni za maneno, waigizaji wamesimama mbele ya kamera moja wanaongea dakika mbili mfululizo, maana kila dakika ilikula futi 90 za filamu na kurudia ilikuwa hasara. Akiongea juu yao ukumbi unapoteza vyote viwili. Fanyeni maandishi. Mistari miwili, herufi zisizozidi 38 kila mstari, yakae walau sekunde mbili. Kiswahili chetu kinarefuka: "hawakutuambia" ni neno moja lenye herufi 13 na halikatiki. Fupisheni maana, msifukuze kila neno. Hifadhini faili kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi.

Kosa la kawaida: maandishi yaliyopangwa kwa nakala ya fremu 24 yanawekwa kwenye nakala ya 25. Mwanzo yanalingana, baada ya saa yamechelewa kwa dakika 2 na sekunde 24. G na H za VLC zinasogeza tu, hazibadilishi kasi, kwa hiyo ukirekebisha hapa unaharibu kule. Badilisheni kasi ya faili lenyewe, kisha mkague dakika ya 5, ya 30 na ya 60.

---

NgosiKijani

Wakuu mmenimaliza, ndaga fijo. Mawili tu. Maandishi ya mwanzo ya *Reefer Madness* yanapanda haraka, tuyafanyeje? Na maneno ya dawa: kila pahali tuandike "madawa ya kulevya"?

---

KamweneGangilonga

Hayo maandishi msiyatafsiri mstari kwa mstari, hakuna atakayewahi kusoma. Hapo ndipo maiki ina kazi: sauti ya filamu ishushwe, mtu mmoja mwenye sauti ya kanisani asome Kiswahili chake kikiwa kimepimwa kwa saa. Yanaiita bangi adui namba moja wa umma, msilainishe.

Maneno: pale ni "bangi" na "msokoto", mvutaji ni "mvuta bangi". "Teja" na "unga" viacheni kwa *Narcotic* na *The Cocaine Fiends*, mkivichanganya mtakuwa mmerudia kosa la filamu yenyewe. Zile zinazoongelea "utumwa mweupe" zinamaanisha kurubuni wasichana na kuwauza kwenye madanguro, andikeni hivyo. Na "ugonjwa wa kijamii" kwenye *Damaged Lives* ni tafsida yao. Mhusika akiitumia andikeni "ugonjwa ule", daktari akiutaja wazi andikeni "kaswende".

---

FundiMakambako

Na huyo wa sauti ya kanisani asisimame mbele ya spika na maiki yake, itapiga yowe. Akae nyuma ya mstari wa spika, upande wa kulia wa kitambaa, na tochi ndogo iliyofunikwa karatasi nyekundu.